Kuni Hazina Risiti

Kila mwaka kahawa inapoanza kuiva kule kwetu Kingerikiti, ujumbe uleule huingia kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Mtumaji ni baba mdogo anayeishi Dar es Salaam, mtu mwema ambaye amesomesha watoto wengi wa ukoo, mimi nikiwa mmoja wao. Ujumbe una kichwa cha herufi kubwa: MBINU 10 ZA KUBANA MATUMIZI YA FAMILIA. Pikia kuni, gesi ni anasa. Usikimbilie zahanati kwa kila kikohozi. Bima ni hela unayompa mtu bure wakati wewe ni mzima. Nyama mara moja kwa mwezi inatosha. Na kadhalika mpaka ya kumi, halafu unafungwa na methali: haba na haba hujaza kibaba.

Mwaka huu aliongeza mstari mmoja chini yake. "Mwigeni kaka yangu. Hajawahi kuchezea hela ya kahawa hata siku moja."

Kaka yake huyo ni baba yangu. Siku ujumbe ulipoingia, baba alikuwa barazani akijifunza kushika kijiko kwa mkono wa kushoto, kwa sababu wa kulia haumtii tangu Februari.

Shikamoo, baba mdogo. Nimekaa na jibu hili wiki tatu. Sikuliweka kwenye kundi kwa sababu mle wamo wakubwa zako na wadogo zangu, na sikulelewa kumjibu mzazi mbele ya watu wanaomjua. Hapa hakuna anayekujua. Baba nimemwomba ruhusa. Alicheka kwa upande mmoja wa mdomo, akasema andika, ila jina langu usilitaje.

Hoja yangu ni fupi. Kile tunachokiita kubana matumizi katika familia zetu, mara nyingi si kubana chochote. Ni kuhamisha gharama. Hela haikutoka mfukoni, sawa, lakini kitu kimetoka mahali pengine: mgongoni mwa mama, kwenye muda wa binti, kwenye mishipa ya mzee. Kwa hiyo kabla hatujampongeza mtu kwa akiba yake, tumuulize swali moja tu: nani amelipa?

Tuanze na kuni, maana ndiyo mbinu namba moja kwenye orodha. Eti kuni ni bure. Bure kwa nani? Mama yangu huondoka asubuhi, anapanda kilima, anakata, anafunga mzigo, anarudi nao kichwani jua likiwa limeshapanda. Ile asubuhi ingekuwa ni ya mwanaume anayelima kibarua, tungejua bei yake mpaka shilingi ya mwisho. Ikiwa ni ya mama, haina bei. Kuni hazina risiti, na kisichokuwa na risiti hakiingii kwenye hesabu za baba mdogo. Ongeza moshi. Jiko letu la nje lina ukuta mweusi kama sufuria, na mama ana kikohozi ambacho sisi watoto tulikizoea tangu utotoni kama tulivyozoea sauti ya jogoo. Hicho nacho ni malipo. Mwaka 2024 serikali ilizindua mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, wenye lengo la kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Sisemi kila nyumba ya Kingerikiti inunue mtungi kesho. Mtungi ukiisha, kuujaza ni hela, na duka si la jirani. Ninachosema ni kwamba mtu anayeamua kutonunua jiko la gesi, au hata jiko banifu la udongo linalokula kuni kidogo, aseme ukweli: "Nimeamua mke wangu alipe." Akishasema hivyo kwa mdomo wake, tuone kama bado ataiita mbinu.

Mbinu namba mbili na tatu, zahanati na bima, ndizo zilizonileta hapa.

Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa, ile CHF tunayoijua vijijini, uliweka kiwango cha Sh 30,000 kwa kaya ya watu sita kwa mwaka mzima, na kadi yake ilitambulika kuanzia zahanati hadi hospitali ya rufaa ya mkoa. Elfu thelathini. Baba hakuwahi kuilipa. Kila Julai mwandikishaji alipita, na kila Julai baba alimwambia, kwa heshima kabisa, kwamba nyumba yake haina mgonjwa. Miaka miwili iliyopita alipimwa akaambiwa ana presha, akaandikiwa vidonge vya kumeza kila siku bila kuacha. Akavinunua. Hapo sote tulidhani jambo limekwisha.

Februari akaanguka shambani. Kiharusi. Gari la kukodi mpaka Mbinga, kutoka Mbinga mpaka Songea, vipimo, kitanda, dawa, chakula cha mwuguzaji. Malipo ya wiki ya kwanza peke yake yalizidi bima ya miaka sita. Wakati sisi tuko hospitali, mama alikuwa nyumbani akitafuta hati ya shamba ndani ya sanduku, akakuta kopo la Blue Band. Ndani yake vidonge kumi na saba. Baba alikuwa anameza kimoja leo, kesho anapumzika, kile cha kesho anakiweka kwenye kopo. Nilipomuuliza baadaye kwa nini, alinijibu kama mtu anayeeleza jambo la wazi kwa mtoto mdogo: "Februari na Machi hakuna hela. Nilikuwa naweka akiba."

Akiba haiozi, si ndivyo tulivyofundishwa?

Naomba msomaji asimcheke. Baba si mjinga wala si bahili. Ni mwanafunzi bora wa somo ambalo sote tulifundishwa, na alilifanyia mtihani juu ya mwili wake mwenyewe kuliko kumnyima mtu mwingine. Kosa liko kwenye somo.

Somo lenyewe limeandikwa na watu wa mshahara kwa ajili ya watu wa mshahara. Mshahara una mwisho wa mwezi. Ukibana wiki mbili, wiki ya tatu unapumua, na kosa la mwezi huu unalirekebisha mwezi ujao. Kingerikiti haina mwisho wa mwezi. Ina mwisho wa mwaka, na hela ya mwaka mzima huingia kwa miezi michache. Kahawa inachumwa kuanzia Mei au Juni, inamenywa, inakaushwa, inapelekwa ushirika, malipo yanafuata. Novemba mvua inaanza na shamba la mahindi linadai mbolea. Januari shule zinafunguliwa. Ada ilifutwa tangu 2016, lakini sare, viatu, daftari na michango ya chakula hazikufutwa. Kisha Februari na Machi, ghala linaanza kuonyesha sakafu. Mtu wa namna hii ukimwambia "bana matumizi" mwezi Februari unamtukana, maana hana cha kubana. Na ukimwambia abane mwezi Julai, wakati ndiyo pekee ana hela, unamzuia kufanya kile ambacho kingemwokoa.

Hapa ndipo ninapotaka kumpinga baba mdogo kwa nguvu zote. Mtu wa msimu hatakiwi kubana zaidi. Anatakiwa kutumia mapema. Bima ikilipwa Julai, mbolea ikinunuliwa Agosti, dawa za miezi sita zikiwekwa ndani Septemba, hayo yote kwa macho ya mbinu kumi ni matumizi, na ni matumizi makubwa. Lakini hayo ndiyo akiba yenyewe. Kwetu matumizi ya Julai ndiyo akiba ya Februari. Noti iliyofichwa chini ya godoro haifiki Februari. Itakutana na msiba, na mgeni, na harambee, na mwenye nyumba mwenyewe siku ya Jumapili. Kadi ya bima inafika.

Na asiyetumia Julai hulipa Februari kwa bei ya Februari. Watu wa Mbinga na Nyasa tunaijua bei hiyo, tuna hata jina lake: magoma. Kagera wanaiita butura, na kwenye korosho huko kusini kuna kangomba. Mwenye hela anakuja wakati kahawa bado ya kijani mtini, anakukopesha leo, utamlipa kahawa msimu ukifika kwa bei aliyoipanga yeye. Serikali inakataza kila mwaka, na kila mwaka inafanyika, kwa sababu katazo halimtibu mtoto saa nane za usiku. Sisi tuliuza kwa magoma karibu nusu ya kahawa yetu. Tulipiga hesabu hospitali, kwenye benchi, na mnunuzi alikuwa ameshafika nyumbani kabla hatujamaliza. Yaani miaka yote ya kutolipa elfu thelathini, ile sifa yote ya "hajawahi kuchezea hela ya kahawa", iliishia kwenye mzani wa mtu mmoja aliyekuja na pikipiki.

Kuna atakayesema bima nayo ina matatizo yake, unafika na kadi unaambiwa dawa hakuna. Kweli. Nimeambiwa hivyo mimi mwenyewe. Bima haikupi dawa ambayo haipo kwenye rafu, na hiyo ni vita nyingine ya kupigana na wanaohusika, ambayo Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 haitaimaliza kwa maandishi peke yake. Lakini hiyo ni sababu ya kudai dawa. Haiwezi kuwa sababu ya kumeza kidonge siku moja na kuruka siku ya pili.

Sasa wasomaji wenzangu, mliozoea kukutana hapa kwa ajili ya vitabu, mtauliza kwa nini nawaletea habari za jikoni kwetu. Nawaletea kwa sababu silaha anayotumia baba mdogo ni yetu. Ni methali. Hakumalizia orodha yake kwa takwimu wala kwa mfano wa shamba, alimalizia kwa fasihi, na akajua hakuna atakayebisha. Nani atabishana na haba na haba?

Mimi nitabishana. Haba na haba hujaza kibaba cha nani? Methali haisemi. Mama anatoa haba, binti anatoa haba, kibaba kinajaa, na mwenye kibaba anasifiwa. Na akiba haiozi? Mwulize yeyote aliyewahi kuweka mahindi gunia kumi kwenye magunia ya kawaida ili asinunue mifuko isiyopitisha hewa. Anafungua Januari anakuta unga wa dumuzi. Akiba inaoza, inabunguliwa, inaota ukungu, na inapitwa na wakati kama vile vidonge kumi na saba. Mabibi zetu waliyajua haya, ndiyo maana walituachia na methali za upande wa pili: rahisi yavunja upishi, usipoziba ufa utajenga ukuta, mali ya bahili huliwa na wadudu. Lakini angalia ni zipi zinazobandikwa kwenye ukuta wa benki na kwenye kundi la ukoo. Methali za kubana hupewa watoto na wanawake. Methali za kutumia, kama ponda mali kufa kwaja, wanaume wamejiwekea wenyewe kwa ajili ya Jumamosi. Mpaka mjini wamejitungia yao mpya: tumia pesa ikuzoee. Fasihi simulizi haina upande mmoja. Anayeichukua upande mmoja anachagua, na uchaguzi wake tuna haki ya kuuhoji.

Hata kwenye maandishi tumekosea kusoma. Nyerere alipotuletea Mabepari wa Venisi mwaka 1969, tamthilia ya Shakespeare kwa Kiswahili chetu, wengi tuliisoma shuleni tukabaki na ratili ya nyama na mahakama. Tukamcheka Shylock kama bahili, bila kuona vya kutosha jinsi mwandishi alivyompaka chuki za zama zake dhidi ya Wayahudi. Ila rudini kwenye nyumba yake. Mtumishi wake Launcelot anahama kwa sababu ya njaa. Binti yake Jessica anafungiwa ndani, hatimaye anatoroka na vito. Hao ndio waliokuwa wanalipa akiba ya mle ndani, na wote wawili waliacha kulipa siku walipopata mlango. Halafu mtazame Bassanio, kijana mtanashati ambaye tunampenda. Huyo amefilisika kwa kuishi maisha yaliyozidi kimo chake, na ubadhirifu wake unakaribia kulipwa kwa kifua cha rafiki yake Antonio. Bahili na mfujaji wako kwenye tamthilia moja, na katika hesabu zao wote kuna mtu wa tatu anayelipa bila kuulizwa. Darasani tulikesha tukijadili nani mwema kati yao. Ilitupasa tumuulize Launcelot.

Najua jibu ambalo baba mdogo ataleta, na ni jibu zito. Atasema: mwanangu, umesahau Agosti. Umesahau vijana wanaopokea hela ya kahawa Ijumaa na Jumatatu wanakopa chumvi. Umesahau bia zinazopangwa mezani kama matofali, pikipiki inayonunuliwa leo na kuuzwa Desemba kwa nusu bei, redio ya kutikisa bati. Sijasahau. Nimekulia kati ya nyumba ambazo kahawa ilinuka vizuri na watoto walilala njaa. Hakuna mtu aliyekaa Umatengo msimu mmoja anayeweza kusema ufujaji ni hadithi ya wahubiri. Na tuwe wa kweli, si vijana peke yao. Komunyo ya kwanza imekuwa harusi. Kipaimara kimekuwa harusi. Na wewe baba mdogo, kwa heshima zote, mwaka juzi ulitutumia kadi ya mchango wa sherehe yenye kiwango cha chini cha elfu hamsini, kwenye kundi hilohilo, wiki tatu baada ya mbinu kumi. Baba alichanga. Ilikuwa ni bima ya mwaka na nusu na zaidi.

Lakini ufujaji hauthibitishi kwamba kubana ni dawa. Mfujaji na bahili ni ndugu wa tumbo moja. Yule anayemaliza hela ya kahawa baa na yule anayeifungia sandukuni mpaka mtu aanguke, wamefanya jambo moja: wameamua peke yao kuhusu hela ambayo hawakuitafuta peke yao. Tangu kahawa iingie Umatengo miaka ya 1920 imehesabiwa kuwa zao la baba. Miche ni ya baba, namba ya ushirika ni ya baba, malipo ni ya baba. Nani anachuma? Nani anabeba mbivu kwenda kumenya? Nani anageuza kwenye chekeche jua likihama? Msimu wa kahawa nyumba nzima ina mikono, ila saini ni moja.

Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania, Jaji Mkuu akiwa Francis Nyalali, iliamua kesi ambayo kila mwanafunzi wa sheria anaijua. Mahakama ilisema kazi za nyumbani za mke ni mchango halali katika mali ya ndoa, hata kama hakuleta mshahara. Wanaharakati huishia hapo. Lakini mama yule hakushinda rufaa yake, kwa sababu mahakama iliona kwamba mumewe alishampa fedha naye akazitapanya. Mimi naipenda hukumu hiyo kwa pande zake zote mbili. Inasema jasho lisilo na risiti lina thamani. Inasema pia kwamba fedha ya pamoja ukiifuja unawajibika, uwe mke au mume. Sheria iliyaweka mambo haya mawili kwenye karatasi moja zaidi ya miaka 40 iliyopita. Sisi bado tunayatenganisha: wake wanahubiriwa kubana, waume wanaombewa waache pombe.

Hata taifa limewahi kutufundisha tofauti ninayoisema. Vita ya Kagera ilipokwisha mwaka 1979, Mwalimu Nyerere alituambia tufunge mikanda kwa miezi 18. Wazee wetu wanakumbuka kwamba miezi hiyo haikuisha ilipopaswa kuisha, na mkanda uliofungwa bila tarehe ya kufunguliwa unageuka kuwa ugonjwa. Ukaja mwaka 2015. Rais Magufuli alifuta sherehe za Uhuru za Desemba 9, tukafagia mitaa badala ya kutazama gwaride, na zile Sh bilioni 4 akaagiza zipelekwe kupanua barabara ya Mwenge hadi Morocco. Hela za hafla ya wabunge zikanunua vitanda vya Muhimbili. Unaweza kumpinga mzee yule kwa mengi, na mimi ni mmoja wao, na vyuma vilivyokaza baadaye tulivihisi mpaka vijijini. Ila siku hizo mbili zilikuwa na kitu ambacho mbinu kumi hazina: kilichobanwa kilikuwa na anwani. Ungeweza kwenda kukitazama. Nyumbani kwetu, ile elfu thelathini ya bima ilibanwa miaka yote hiyo na hakuna mtu, hata baba mwenyewe, anayeweza kusema ilikwenda wapi.

Kubana kwa maana ninakoelewa mimi nimekuona shambani. Anayeijua ngoro hahitaji maelezo. Nyasi zikifyekwa mlimani hazichomwi. Zinalazwa kwa mistari inayokatizana, zinafukiwa kwa udongo, katikati linabaki shimo linalopokea mvua. Maji hayateremki na udongo, na nyasi zinaoza mahali zinapotakiwa kuoza. Yanapandwa maharage, baadaye mahindi. Hakuna kinachotupwa, na kila kilichowekwa kina mahali pake na msimu wake wa kurudi. Lakini ngoro ni kazi nzito. Wanaume wanafyeka na kulaza nyasi, wanawake wanachimba na kufukia. Hakuna aliyewahi kutengeneza ngoro kwa kukunja mikono na kuiita busara. Akiba ile inagharimu, na gharama yake kila mtu anaiona.

Mbinu kumi za mjini zimetusahaulisha hata hilo. Baba alipokuwa na nguvu aliacha kupiga dawa ya chulebuni msimu mmoja, kisa bei imepanda. Alibana. Mvua zikaja na ukungu, punje zikasinyaa nyeusi mtini. Ugano, hapohapo Mbinga, kuna kituo cha utafiti wa kahawa cha TaCRI, na miche inayostahimili ugonjwa ule ipo. Hakununua, kwa sababu miche ni matumizi. Tangu ushirika wa zamani, MBICU, ulipoanguka katikati ya miaka ya 1990 na pembejeo za mkopo zikaenda nao, mkulima amebaki na mfuko wake na methali zake. Wakati mwingine namwelewa anayeshika methali.

Sasa tufanye nini? Sina mbinu kumi. Nina desturi moja. Wamatengo walikuwa na sengu: watu wa ukoo wanakaa wanakula pamoja, na palepale penye chakula mambo ya ukoo yanasemwa. Sisemi tuirudishe kama ilivyokuwa, na neno la mwisho la mzee mmoja. Nasema palikuwa na akili katika kuzungumzia mali mbele ya chungu, ambapo aliyepika yupo, aliyechota maji yupo, na mwenye njaa anaonekana. Wanawake wa vikoba wanafanya hivyo kila wiki bila kuiita sengu. Daftari liko katikati, kila mmoja anaona kilichoingia na kilichotoka, na Desemba wanavunja kikundi kila mtu akijua chake. Mali bila daftari hupotea bila habari: hiyo ndiyo methali ningeomba baba mdogo aifungie ujumbe wake mwakani.

Julai mwaka huu, kwa kile kilichobaki baada ya magoma, tulikaa. Baba barazani, mama, dada yangu mkubwa na mumewe, mimi, na yule mdogo wetu wa darasa la sita ambaye tulimpa kalamu kwa sababu mwandiko wake ndio mzuri. Mama alisema kwanza. Nilitegemea aseme gesi. Alisema bima, halafu dawa za baba mpaka Machi, halafu mifuko ya kuhifadhia mahindi, halafu viatu vya huyu anayeandika. Gesi akaiweka ya tano. Baba alinyamaza muda mrefu. Kisha, kwa ule ulimi wake mzito, akamwambia mtoto afute pale kwenye namba tano na aandike jiko namba mbili.

Hela haikufika namba sita. Hatukula nyama siku ile, na mwaka huu hatutachangia sherehe ya mtu yeyote kwa kiwango cha kadi. Tutapeleka kuku na mikono yetu. Kwa hiyo baba mdogo usidhani nimekuja kuwatetea wanaotapanya. Tunabana, tena kuliko zamani. Tofauti ni kwamba kwenye ukurasa ule, mbele ya kila kilichobanwa, mdogo wetu ameandika jina la atakayekikosa, na mwenye jina alikuwepo akakubali.

Nimeupiga picha ukurasa ule. Mwakani ujumbe wako ukiingia kwenye kundi, nitaomba ruhusa kwa wakubwa, kisha nitautuma chini yake. Marahaba yako naisubiri.